Hondohondo Walikunywa Maji, Grasiana Akaita

Duka la Dinesh liko pembeni mwa stendi ya Korogwe, mahali penye kelele zilizowahi kumwamsha mtu aliyelala Mombo. Jumamosi hiyo ilibaki memori kadi moja tu ya kamera, na mikono miwili ikaifikia pamoja: mmoja una bangili za shanga, mwingine una makovu ya miiba.

"Samahani kaka, nimeanza mimi."

"Umeanza kuiangalia, dada. Kuishika nimeanza mimi."

"Nina harusi ya kupiga picha kesho Makuyuni. Bibi harusi akikosa picha, nimlete kwako?"

"Mlete tu, kama anafanana na mpiga picha wake."

Dinesh akacheka mpaka akaegemea kabati. "Hiza, huyo ni Grasiana. Ukibishana naye nitafunga duka saa hizi. Mwachie."

Hiza akaachia kadi, lakini macho hayakuachia. Grasiana alivaa gauni la kitenge cha njano, limemkaa kana kwamba fundi alishona huku akiimba. Yeye Hiza alikuwa na shati lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake.

"Na wewe kadi ulitaka ya nini?" Grasiana akauliza.

"Filamu. Tuko Handeni, kikundi cha vijana wa Kizigua. Tunarekodi hadithi za bibi zetu na msitu wetu wa Kwemkuyu. Vijana wanajua wachezaji wa Ulaya wote, mti ulio nyuma ya choo hawaujui jina. Basi wanashika kamera wenyewe, wanaigiza wenyewe, na kila picha tunainua mikono kuamua ibaki au itoke. Tatizo letu sauti. Tukimrekodi bibi, anasikika kama anaongea kutoka Somalia."

"Picha ni za harusi tu, sauti ndiyo kazi yangu hasa. Mnakula nini huko?"

"Bada, ugali wa muhogo, na mlenda."

"Nitakuja."

Akaja, akaja tena, na asipokuja simu ikamwakilisha.

"Malaika wangu, umekula?"

"Nimekula. Na usiniite malaika, Hiza. Malaika hawabebi betri."

"Nikuite nani sasa?"

"Niite fundi. Ukinioa utabadilisha."

Hiza siku hiyo alitembea kutoka Handeni mjini hadi kijijini kwao bila kugusa ardhi. Walioshuhudia bado wako hai.

Siku ya kuingia msituni, Bibi Paulina, bibi yake Hiza, aliwasimamisha wote ukingoni. Akaeleza kwamba chemchemi ya Kwemkuyu ina joka linaloiba sauti. Zamani mrina asali mmoja alisikia jina lake likiitwa, akaitika. Alirudi nyumbani akifungua mdomo kinatoka kimya, mkewe akapumzika mwaka mzima. Kwa hiyo ndani ya msitu mtu asiitwe jina, na akiitwa asiitike.

Vijana wote walisikia. Grasiana hakusikia. Alikuwa amevaa hedfoni masikioni, amegeuka upande wa pili, anapima upepo. Alipozivua, bibi ameshamaliza, na Hiza akadhani naye amesikia.

Karibu na chemchemi Grasiana alikanyaga majani yaliyofunika tope. Akazama hadi magotini, kinasa sauti amekiinua juu ya kichwa.

"Hiza!" akaita. "Hiza, nishike!"

Hiza alikuwa mbele yake tu, jicho kwenye kamera. Hakugeuka.

"We Hiza! Unanisikia!"

Vijana wakaangalia chini. Aliyemvuta mwishowe ni Bibi Paulina, kwa mikono iliyozoea jembe, bila kusema neno. Kiatu kimoja kilibaki huko.

Jioni hiyo Grasiana alipanda gari la Korogwe akiwa peku mguu mmoja. "Nilidhani nina mchumba," alimwambia Hiza mlangoni, "kumbe nina jiwe lenye kamera." Kisha akaifungia namba yake.

Siku kadhaa zikapita. Hiza akaazima simu ya Loyce, binti mmoja wa kikundi.

"Haloo, Loyce mdogo wangu."

"Ni mimi Hiza, Grasi. Usikate. Msituni kuitika jina ni mwiko. Bibi alisema ukingoni, wewe ulikuwa na hedfoni."

Grasiana hakukata. Dirishani kwake, Old Korogwe, mto Pangani ulikuwa unapita na shughuli zake.

"Sawa," akasema. "Mdomo ulikatazwa. Na miguu nayo ilikatazwa?"

Hapo mwanamume yeyote angetafuta uongo, na uongo mzuri ulikuwepo tele. Hiza hakuutafuta.

"Ndege hondohondo walikuwa wameshuka kunywa maji. Kundi zima. Hata bibi hajawahi kuwaona wakinywa. Nikasema nimalizie, halafu nije."

"Halafu?"

"Walikuwa bado wanakunywa."

"Basi ungewapikia chai! Ifute hiyo picha."

"Siwezi. Siyo yangu, ni ya kikundi."

"Basi kawaambie kikundi ulivyoipata. Yote, usibakize. Nitakuja kusikiliza."

Walikutana darasani, shule ya kijijini, mchana. Grasiana alimwamkia Bibi Paulina, akakaa nyuma, mikono kifuani. Hiza akawasha picha. Ndege wale walikuwa wazuri hasa, weusi wanaong'aa, wanainamisha midomo yao mikubwa kwa zamu kama watu wa foleni. Na juu yao, sauti: "Hiza! Hiza, nishike!"

"Mwiko ulinizuia kuitika," Hiza akasema. "Kwenda hakuna aliyenizuia. Niliipenda picha kuliko mtu. Nataka itoke."

Darasa likalipuka.

"Kaka Hiza, ulimwacha wifi kwenye tope kwa ajili ya ndege?" Loyce akapiga kelele.

"Lakini ndege wenyewe wale..." Simeo, mwenzao kikundini, akajaribu.

"Wewe Simeo utaoa ndege!"

Bibi Paulina akagonga meza. "Mwiko huo mmeushika nusu. Sauti ya msituni haiaminiki, ndiyo maana haijibiwi. Unakwenda ukaone kwa macho. Mjukuu wangu, babu yako angekuwa amefika zamani."

Wakapiga kura. Hiza aliinua mkono wa kwanza, picha yake bora kuliko zote itoke. Pamoja na wake, kura zikagawanyika sawasawa, na wote wakageuka nyuma.

"Fundi sauti hajapiga kura," Loyce akasema.

Grasiana aliwatazama ndege, akamtazama Hiza, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu.

"Ibaki," akasema. "Na sauti yangu isikatwe hata kidogo. Handeni nzima isikie."

Nje, Hiza alimfuata hadi kwenye ua wa shule.

"Kwa hiyo umenisamehe, fundi?"

"Nimewasamehe ndege. Wewe nakufikiria."

"Mpaka lini?"

"Jumapili. Baada ya misa baba yangu huwa nyumbani. Njoo na bibi, aongee yeye, maana wewe mdomo wako una ratiba zake."

"Nije na nini kingine?"

"Kuku, sukari, na shati lenye rangi," Grasiana akasema, akianza kucheka. "Kamera uiache Handeni."