Edina Afuta Kauli

Kila asubuhi Edina aliteka maji, akanyunyiza sakafu ya darasa la sita kutuliza vumbi, kisha akapanga madawati. Hakuna aliyemtuma. Tangu darasa la tatu alikuwa akiongoza kwa Kiingereza pale Shule ya Msingi Chang'ombe, basi darasa aliliona kama lake.

Mwaka ule wa 1997 akaja Bupe kutoka Dar es Salaam. Baba yake, Mzee Ambokile, alikuwa mwandishi wa taarifa za Bunge, na kazi ilikuwa imemhamishia huku. Viatu vya Bupe vilikuwa vya mtumba lakini vinang'aa, na Kiingereza kilimtoka bila kukwama. Edina akawa anamtazama kwa kijicho.

Ijumaa, Mwalimu Stanley aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza: withdraw.

"Atakayetaja maana nyingi ndiye atakwenda mashindano ya Kiingereza kule Ipagala."

Edina alitaja mbili: kutoa fedha benki, na jeshi kurudi nyuma. Bupe akaongeza tatu: kuvuta mkono, kujitoa mashindanoni, kujitenga na watu.

"Kamusi yenye miguu hiyo!" akasema Petro. Darasa likapiga makofi.

Edina akanyoosha mkono. "Mwalimu, leo asubuhi nilimwona Bupe ofisini, kabla ya kengele. Alikuwa anapekua andalio lako la somo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

Bupe alikana, lakini mwalimu hakumsikiliza. Nafasi ya kwenda Ipagala akapewa Edina.

Jumatatu Mzee Ambokile akaingia darasani na mwalimu.

"Shikamoo, baba!" darasa zima likaamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwalimu, Ijumaa nilimleta Bupe mwenyewe, kengele imeshalia. Hiyo ofisi aliingia saa ngapi?"

Mwalimu Stanley akamgeukia Edina. "Edina, withdraw!"

Edina akakusanya madaftari yake yote, akayatia mkobani, akaelekea mlangoni analia.

"We Edina, unahama shule?" Petro akacheka.

Bupe akamkimbilia, akamshika mkono. "Hujafukuzwa. Anataka uyaondoe yale maneno."

"Hiyo ni maana ya sita," alisema Mzee Ambokile. "Bungeni naiandika kila kikao. Mtu mzima na suti yake anasimama mbele ya wenzake, anasema: nafuta kauli. Kisha anakaa, kazi inaendelea."

Edina akarudi, akasimama mbele ya darasa. Ipagala aliitaka bado, tena sana.

"Nafuta kauli. Sikumwona Bupe ofisini. Nilimwonea wivu."

"Na mimi nafuta yangu," alisema Mwalimu Stanley. "Nilihukumu kabla ya kuchunguza. Bupe, utakwenda Ipagala. Edina, keti. Wivu ukikushika, soma umfikie mwenzako, usimvute chini. Na ukisema uongo, usikimbie na mkoba. Simama palepale ulipousemea, uuondoe mbele ya walewale waliousikia."