Hatua Kumi Kutoka kwa Hemedi

Lango la hoteli lilimtazama Hemedi kwa muda wa kupepesa jicho, likamjua, likamfungukia. Halikuuliza pasi wala ufunguo. Katika mji wa Selvik, kule kaskazini ambako bahari huganda mtu akaitembea kwa viatu, milango yote ni malango-tambuzi. Husoma mapigo ya moyo kama sisi tunavyosoma sura, na ukishaandikishwa unapita popote, kuanzia sokoni hadi chooni. Kitimwendo cha Hemedi kikateleza ndani. Dada yake, Sikudhani, akafuata na mabegi matatu, na lango likatamka kwa Kiswahili kilichopigwa pasi:

"Karibu, Bwana Hemedi Shekilindi. Umeingia na vifaa viwili: kiti kimoja, mwangalizi mmoja."

Hemedi alicheka mpaka kiti kikayumba, maana alikiendesha kwa kijiti kilichokaa chini ya kidevu.

"Dada, umesikia? Wewe na kiti mmehesabiwa fungu moja."

"Kiti angalau kimetiwa mafuta," akajibu Sikudhani. "Mimi tangu Korogwe sijaonja hata chai."

Wakacheka wote wawili. Walidhani ni mashine tu imepotoka ulimi.

Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu Hemedi alipoanguka kutoka juu ya paa la ghala la mkonge, na mwili wote chini ya shingo ukanyamaza. Tangu siku ile Sikudhani ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemgeuza kila baada ya saa mbili ngozi isije ikachubuka. Selvik ilialika watu kama Hemedi kupumzika, na mwaliko ulikuwa na ahadi moja iliyomfanya Sikudhani ausome mara nne: mwangalizi naye hupewa siku nzima ya kwake. Siku hiyo mgonjwa hukaa na mlezi-chuma, roboti mwenye viganja vya mpira laini.

Sikudhani aliichagua Jumatano. Kulikuwa na treni iliyopanda mpaka kwenye mlima wa barafu. Alitaka kukaa dirishani, basi. Hakutaka kununua kitu wala kupiga picha. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuita "Dada".

Jumatano asubuhi mlezi-chuma alikuja, akamgeuza Hemedi taratibu kama mtu anayegeuza maandazi kwenye karai. Sikudhani akavaa koti lake jekundu la mtumba, akaenda mlangoni. Lango halikutikisika.

"Kifaa hakiruhusiwi kwenda zaidi ya hatua kumi kutoka kwa mwenye kifaa."

Ndiyo ilikuwa sheria ya mji. Huko mashine hutembea zenyewe, na zamani viti na fimbo za watu zilizurura mitaani hadi zikapotea. Kwa hiyo kila kifaa kikafungwa kwa mwenyewe. Kosa lenyewe lilianzia Korogwe. Siku ya kujaza fomu uji ulikuwa jikoni unatishia kufurika, na Sikudhani, kwa haraka zake, aliandika kila kitu cha Hemedi. Palipoulizwa "Msafiri anahitaji nini ili aishi?" akajaza: kiti, mwangalizi. Ukurasa wake mwenyewe aliuruka. Ulikuwa na maswali mengi.

"Treni ya mwisho ni saa tisa," akasema Hemedi. "Twende tukakurekebishe."

Wakaenda, mlezi-chuma akiwafuata nyuma. Ofisi ya marekebisho ilikuwa na foleni. Dirisha lake lilitazama bandari, ambako mkata-barafu, mashine kubwa kama kanisa, ilikuwa ikipasua bahari vipande vipande. Hemedi hakubandua macho. Baada ya saa nzima Sikudhani akamwinamia.

"Hemedi, nataka chooni. Mlango haunifungukii bila wewe."

"Subiri kidogo, Dada. Dakika tano tu, nione inavyogeuka."

Akakaa. Akabana miguu. Maneno yale aliyafahamu, yalikuwa yake. Alikuwa akiyasema akiwa na mwiko mkononi, akiwa na jirani mlangoni, akiwa amechoka tu. Naye Hemedi kule chumbani Korogwe alikuwa akinyamaza.

"Hemedi," akasema, "zile dakika tano zangu, zilikuwa zinafika ngapi?"

"Inategemea," akajibu Hemedi bila kinyongo. "Siku ya harusi ya jirani yetu Mwanaasha zilifika saa mbili. Nikahesabu mabati ya paa. Yako kumi na manane, moja lina kutu upande wa kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na wewe ulikuwa umesimama tangu alfajiri?" Akageuza kiti, akaupa mkata-barafu kisogo. "Haya, twende. Sitachungulia."

Waliporudi zamu yao ilifika. Karani wa pale alikuwa mashine yenye uso wa duara, mweupe kama sahani.

"Bwana Hemedi, mwangalizi huyu ni kifaa chako?"

Hemedi alifungua kinywa. Mzaha ulikuwa tayari, Sikudhani aliuona kwenye pembe ya mdomo. Haukutoka.

"Nimemtumia hivyo," akasema polepole. "Lakini ni dada yangu. Mwandike mtu."

Karani akamgeukia Sikudhani. Jina, Sikudhani akalitaja. Umri, arobaini na tisa. Kisha likaja swali la tatu.

"Usipokuwa na Bwana Hemedi, hufanya nini?"

Sikudhani angeweza kutaja dawa za Hemedi zote na saa zake. Angeweza kueleza uji unaomkubali na unaomkataa. Alitafuta kitu kingine, akakuta kama chumba kilichohamwa.

"Swali halijajibiwa," akasema karani.

"Alikuwa anashona," Hemedi akadakia. "Magauni ya mtaa mzima yalikuwa—"

"Nyamaza, baba. Nimeulizwa mimi." Akakaza mkanda wa koti. "Andika: bado sijui. Ndiyo ninakwenda kutazama."

Uso wa duara ukaandika. "Jibu limepokelewa."

Ilikuwa saa nane na nusu. Lango la ofisi likamfungukia. "Kwaheri, Bi Sikudhani Shekilindi. Unatoka peke yako." Baridi ikampiga usoni. Akatembea juu ya theluji, na bila kukusudia akajikuta anahesabu. Saba. Nane. Tisa. Katika ya kumi miguu yake ikasimama kana kwamba kuna kamba.

Akatazama nyuma. Mlezi-chuma alikuwa amesimama nyuma ya kiti, viganja vyake vimetulia. Hemedi alikuwa mlangoni, anamwonyesha stesheni kwa kidevu.

"Nenda, Dada!" akapaza sauti. "Mimi nasubiri kidogo."

Sikudhani akacheka, akafuta machozi kabla hayajaganda, akapiga hatua ya kumi na moja.