Wino Mwekundu Kwenye Barua ya Kalondu

Suruali mpya ya Mwalimu Wekulo, ile ya miguu mipana iliyovuma mwaka wa sabini na nne, ilimpasukia katikati ya soko la Kawangware alipoinama kuchagua nyanya. Mchana kweupe, jamani! Alijiziba kwa gazeti, akarudi kinyumenyume mpaka kibarazani kwa Kalondu, fundi wa cherehani.

"Pita nyuma ya pazia, uvue," Kalondu alimwambia kwa uso mkavu. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Cheka tu. Na hili daftari la Kiingereza huku nyuma ni la nani?"

"Langu. Nimeanguka mtihani mara mbili, na bila Kiingereza chuo cha uuguzi hawanichukui. Nitaufanya tena, na nitapita."

"Mimi nafundisha watu wazima kule Makina, Kibera, kila Jumamosi. Njoo."

Akaenda. Kila Jumamosi alitembea na kitambaa chake cha manjano kichwani, viatu mkononi kukiwa na matope. Maneno ya kiasi, much, many, few na little, yalimtoa jasho. Hakuelewa kwa nini viazi vihesabike, vipate many, na mapenzi yasihesabike, yapate much. Lakini baada ya darasa kulikuwa na chai na mwalimu, na utani wake, na ile sauti ya kumwita "Kalo wangu". Moyo wake ukazama mapenzini.

Basi akajikaza, akamwandikia barua ya mapenzi kwa Kiingereza, ya kwanza maishani mwake. "I have many love for you," akimaanisha ana mapenzi mengi kwake. Akamwachia mkononi, akatoka mbio.

Jumamosi iliyofuata barua ilirudi pamoja na madaftari. Many imekatwa kwa wino mwekundu, much juu yake, na chini alama: sita kwa kumi. Huyu mtu ana akili kweli? Kalondu alibeba kikapu chake, akaenda zake bila kwaheri.

Simu zikaanza kupigwa dukani kwa jirani yake, Wamucii.

"Kalondu! Mwalimu wako tena!"

"Mwambie nasoma."

"Anaomba msamaha!"

"Mwambie kwanza ausahihishe!"

Na kweli alikuwa anasoma. Alilia, akasoma, akashona, akasoma. Mtihani ulipokuja aliufanya, na matokeo yalipotoka, amepita! Chuo kikamwita.

Siku aliyokuwa akipanga sanduku, Wekulo alisimama kibarazani, kalamu nyekundu mfukoni kama kawaida.

"Nimefuata barua yangu. Sikuijibu."

"Karatasi yake nilimfungia mteja vifungo."

"Basi nijibu kwa mdomo. Kalo, nilipoisoma niliogopa, nikashika kazi ninayoijua. Nilikuwa mjinga. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Kalondu alimpenda bado, na hilo lilimuudhi.

"Chuo kwanza. Miaka mitatu."

"Nitangoja."

Kalondu aliichomoa ile kalamu mfukoni mwa Wekulo, akaitupa kwenye droo ya cherehani.

"Nikimaliza, uje na wazee wako kwa baba yangu, Machakos. Kalamu utapewa huko."

"Sasa miaka mitatu nitafundisha na nini?"

"Chaki," alisema Kalondu, akafunga droo kwa ufunguo.