Nozeli za Marehemu

Jua lilikuwa linazama pale pikapu ya Prisila ilipokohoa na kuzimika Nkowe, ikitoka Ruangwa kwenda Nachingwea. Kiti cha nyuma alilala mama yake, Rozalia, tumbo limevimba, anasubiriwa hospitalini. Fundi wake, Kaimu, akashuka huku anajilaani. Injini kubwa aliifunga yeye mwenyewe, halafu akabakiza nozeli, vile vifaa vya kunyunyizia dizeli, za injini ndogo ya zamani. Mlima umemuumbua. Mafuta yanayoingia kwenye injini hayatoshi.

"Fundi, mama yangu asinifie njiani."

"Hafi, dada. Nipe muda kidogo."

Wapita njia wakamwelekeza kwa Mwanamvua, mjane wa fundi mwingine, aliyebaki na spea za mumewe. Mama huyo akamtolea beseni lenye seti mbili. Ya kwanza inang'aa, lakini shingo nene, haiwezi kukaa kwenye tundu. Ya pili ndiyo saizi yenyewe, na paipu zake, na washa zake, vile vipete vya shaba. Ila uchafu wake! Zilijaa utelezi wa kijivu unaovutika kama kamasi, na harufu... harufu ya buchani umeme ukikatika.

"Chukua hizo bure," mjane alinong'ona. "Lakini usizipulize kwa mdomo, mwanangu. Marehemu mume wangu alizipuliza."

"Sawa, mama."

Sawa ya mdomoni tu. Fundi gani asiyepuliza nozeli? Nzima hukataa pumzi, mbovu huipitisha, na porini hakuna kipimo kingine. Akifunga inayovuja, Rozalia hafiki.

Kando ya pikapu akaifuta ya kwanza kwa shati, akapuliza. Ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu vilevile. Kila mara utelezi ule ulimbakia kwenye meno. Akatema, akapangusa ulimi kwa kiganja, akatema tena. Kinyaa kilimtoa machozi.

Akaweka mdomoni ya nne.

Ikavuta.

Ilimng'ang'ania midomo. Kitu laini, cha uvuguvugu, kikamlamba ncha ya ulimi kutokea kwenye tundu ambalo hata sindano haipiti. Alipoichomoa ilitoa mlio wa busu. Kaimu akainama kwenye tairi, akatapika mpaka nyongo. Ndani ya matapishi mlikuwa na nywele ndefu za mvi. Kichwani kwake hakukuwa na hata mvi moja.

"Fundi! Mama anazidiwa!"

Akazifunga zote nne. Angefanyaje?

Injini ikawaka mara moja, laini, na mlima ukapandwa kama si mlima. Rozalia akajiziba pua kwa kanga. "Nani ana kidonda humu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mbele kidogo mama akanyamaza kabisa. Prisila akaogopa, akasimama, akazima gari ili asikilize kama anahema.

Mama alikuwa anahema.

Kaimu hakuwa anahema.

Kifua kilisimama palepale. Mdomo ulimjaa utelezi ule, hewa haiingii wala haitoki. Akapiga dashibodi, akapapasa, akazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma na pumzi ikamrudia, inanuka buchani.

"Usizime," alikoroma. "Dada, usizime tena. Ukizima nakufa."

Prisila alimtazama, akatazama lami. Akakanyaga mafuta.

Nozeli zile zilikunywa dizeli kwa pupa. Walipoingia Nachingwea taa ya mafuta ilikuwa nyekundu na hospitali bado mbali. Injini ikakohoa. Kaimu akakohoa. Ikakohoa tena... naye akakohoa tena, akatema kitu kijivu kwenye mkono wa shati.

Prisila akakunja kona, akaingia kituo cha mafuta. Mhudumu akaja na mpira wake wa mafuta, akasimama dirishani.

"Karibuni. Zima gari, dada, ndiyo nijaze."

"Jaza hivihivi," Kaimu alinong'ona. Alikuwa ameushika ufunguo kwa mikono miwili.

"Haiwezekani, kaka. Tutaungua wote hapa."

Nyuma, Rozalia akaanza kulia kwa maumivu. Injini ikakohoa mara ya tatu.

"Nitawasha sasa hivi," Prisila alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, fundi. Mama yangu asinifie njiani."

Akaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine.