Kikapu cha Kahawa Melini

Nyumbani kwa Avit, kule Kashozi, harufu ya kahawa inayochemka husikika mpaka barabarani. Anayeichemsha ni mama yake, bibi Anatolia. Kahawa hii si ya kunywa. Ni ya kutafuna. Bibi Anatolia huchemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huzianika juani mpaka zikauke vizuri.

Mgeni akiingia, analetewa kikapu kidogo. Anaingiza mkono, anachukua punje chache, anatafuna. Ndipo mazungumzo yanaanza. Kikapu kinapita kwa huyu na kwa yule mpaka wote wamepata. Nyumba isiyotoa kahawa, watu wa Kashozi huisema vibaya.

Mke wa Avit anaitwa Celina. Anafanya kazi kwenye meli ya watalii inayoitwa Enyange. Kwa Kihaya enyange ni yule ndege mweupe, yangeyange. Meli hiyo ni nyeupe kama yeye. Huondoka bandari ya Bukoba Jumamosi, huzunguka visiwa vya Muleba, na hurudi Jumatatu. Abiria hulala humo na hula humo.

Kazi ya Celina ni kupokea abiria. Yeye ndiye aliyemwomba nahodha aruhusu kahawa ya kutafuna.

"Watu wanapanda meli yetu kama wanapanda lori la mchanga," alimwambia. "Tuwakaribishe Kihaya."

Nahodha Johnson alikubali. Tangu hapo kikapu cha bibi Anatolia kilikuwa kinasafiri na meli, na abiria walikipenda.

Jumamosi moja alipanda mzee mnene, mcheshi, mwenye koti la kijivu. Alikwenda chooni kabla hata ya kuonyeshwa chumba chake. Alipotoka, alimkuta Celina na kikapu.

"Tumbo linanisumbua tangu jana, waitu," alisema, yaani "ndugu yetu" kwa Kihaya. "Lakini kahawa ya kwetu siwezi kuikataa."

"Itakutuliza," Celina alimjibu, akicheka.

Mzee aliingiza mkono. Baada yake wakaingiza wengine. Kikapu kilizunguka sebule yote ya meli.

Siku ya pili abiria walianza kutapika na kuharisha. Alianza mmoja, wakafuata wengi. Muuguzi wa meli aliwapa maji yenye chumvi na sukari ya vipimo, yale ya pakiti. Alimwomba nahodha apige simu ya upepo bandarini mara moja. Nahodha Johnson alisita.

"Tukitangaza, nani atapanda tena?" alisema. "Tusubiri kidogo."

Alisubiri mpaka Jumatatu. Meli ilipofika Bukoba, wengine walishuka wameshikiliwa mikono. Mama mmoja alibebwa kwa machela. Namshukuru Mungu kwamba katika hadithi hii hakufa mtu.

Afisa afya wa bandari alifika mchana huohuo. Jina lake Renatha. Alivaa glavu, akaingia jikoni kwanza.

Mpishi wa meli alikuwa Ildefons, mtu wa Kashozi pia, jirani ya Avit. Alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Kagua, mama," alisema. "Hata ndani ya kofia yangu kagua."

Renatha alipima joto la chakula kilichokuwa jikoni. Alifungua jokofu akaona nyama mbichi imewekwa chini na chakula kilichopikwa kimewekwa juu. Alitazama mbao za kukatia, moja ya nyama na nyingine ya mboga. Alipima maji ya bomba, yakawa na dawa ya kutosha. Aliuliza kama kuna mfanyakazi wa jikoni aliyekuwa anaumwa. Hakuwepo.

"Jiko ni safi," alisema. "Lakini watu wameumwa. Meli haitaondoka mpaka nijue sababu. Nitarudi kesho asubuhi."

Nahodha alimpigia simu mwenye meli. Alipomaliza, uso wake ulikuwa mzito.

"Ildefons," alisema, "mwenye meli anasema watu wakiharisha, kosa ni la mpishi. Kesho isipopatikana sababu nyingine, utakabidhi funguo za jiko."

Ildefons alivua kofia yake, akaikunja, akaiweka mfukoni. Celina alikuwa amesimama karibu, kikapu mkononi. Kwa mazoea alimnyooshea. Ildefons alikitazama kikapu, akatikisa kichwa, akapita.

Kwa watu wa Kashozi, kuikataa kahawa ya jirani si jambo dogo.

Jioni hiyo Celina alimenya ndizi za chakula. Walisali rozari kama kawaida. Alipofika kwenye sala ya kuwaombea wenye shida, alimtaja Ildefons, kisha akanyamaza katikati ya sala.

"Kuna nini?" Avit alimwuliza baadaye.

"Watoto," Celina alisema.

"Watoto gani?"

"Mle melini walikuwemo watoto. Walikula chakula cha Ildefons kama watu wazima. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeumwa. Na kuna yule mama wa Kizungu asiyekula chakula cha meli. Alikuja na mikate yake na maji yake ya chupa. Huyo aliumwa sana."

Avit alifikiri. "Sasa yule mama alikula nini ambacho watoto hawakula?"

Celina alikitazama kikapu kilichokuwa mezani. Watoto hawatafuni kahawa. Ni chungu, na wazazi hawawapi. Yule mama wa Kizungu alichukua punje mara mbili, akapiga na picha.

Bibi Anatolia alikuwa anasikiliza. Aliweka rozari yake chini.

"Unataka kusema kahawa yangu ni sumu?"

"Hapana, mama. Sijasema hivyo."

"Umesema kwa macho. Nimechemsha kahawa hii tangu Avit hajazaliwa. Padre ameitafuna. Alikufa?"

"Hakufa, mama," Avit alisema, akijizuia kucheka.

"Basi kesho nakwenda bandarini mimi mwenyewe. Huyo mpimaji apime kahawa yangu mbele yangu!"

Celina hakuwa na raha. Akisema alichokiona, atamwaibisha mama mkwe, na huenda kazi yake mwenyewe ikaisha. Asiposema, Ildefons atafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Alimwomba Mungu ampe ulimi wa kusema kweli.

Asubuhi walifika bandarini wote watatu. Bibi Anatolia alivaa gauni lake la kanisani. Kikapu kilikuwa mapajani mwake njia nzima. Walipanda melini, wakamkuta Renatha ameshaanza kazi sebuleni. Nahodha na Ildefons walikuwa naye.

Celina alieleza yote. Alieleza juu ya watoto na juu ya yule mama wa mikate. Kisha akaeleza juu ya mzee wa koti la kijivu.

"Aliniambia tumbo linamsumbua," alisema. "Alikuwa ametoka chooni. Sikumwuliza kama amenawa. Nilimpa kikapu, na mimi mwenyewe nikacheka."

Renatha alimgeukia Ildefons. "Fundi wa injini anakula wapi?"

"Kwangu," Ildefons alisema. "Na anakula sahani mbili. Ukimnyima, anaimba nyimbo za msiba."

"Aliumwa?"

"Yule? Hata chafya hakupiga."

"Anatafuna kahawa?"

"Saa ngapi? Hatoki kule chini mpaka tufike."

Renatha aliitikia kwa kichwa polepole. "Sasa naona," alisema.

Bibi Anatolia alisogea mbele. "Unaona nini? Pima kwanza!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pima."

"Mama, kahawa yako umeichemsha na kuianika. Mpaka inafika melini haina tatizo. Naomba uniambie jambo moja. Kikapu kikizunguka, mikono mingapi inaingia?"

"Yote! Ndiyo heshima yenyewe. Mgeni anajichukulia."

"Mtu mwenye ugonjwa wa kuharisha anabaki na uchafu mkononi, hata asipouona kwa macho. Asiponawa kwa sabuni, akiingiza mkono kikapuni, vijidudu vinabaki kwenye punje. Anayefuata anavishika, anavitia mdomoni. Na kahawa haipikwi tena baada ya pale. Chakula cha Ildefons kilitoka jikoni kikiwa cha moto na kilipakuliwa kwa upawa. Kahawa yako ilipakuliwa kwa vidole vya meli nzima."

Bibi Anatolia alikitazama kikapu chake.

"Lakini nyumbani tunafanya hivyohivyo," Avit alisema. "Mbona hatuumwi?"

"Hata nyumbani mnaweza kuumwa. Huenda mmewahi kuumwa mkadhani ni maembe. Ila melini ni hatari zaidi. Watu wengi wanakaa pamoja, wanashika vyuma vilevile, wanatumia vyoo vilevile, na hawawezi kutoka. Akiumwa mmoja asubuhi, jioni wanaweza kuwa wengi. Ndiyo maana tunakagua meli."

"Tuliweka vile vitakasa mikono mlangoni," nahodha alisema.

"Ni vizuri, lakini vijidudu vya aina hii vinaweza kubaki. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo ya kutegemea. Na wewe, bwana nahodha, ulijua lini kwamba watu wanaumwa?"

Nahodha alishika kofia yake. "Jumapili asubuhi."

"Ungetupigia simu Jumapili asubuhi, tungekuambia uwatenge wagonjwa vyumbani, usafishe vyoo na vyuma kwa dawa ya klorini, na usimamishe kikapu. Wengine wasingeumwa."

"Niliogopa jina la meli."

"Sasa jina limeharibika na watu wameumwa. Umepata yote mawili."

"Basi kahawa ikome," Celina alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasema ikome," Renatha alijibu. "Nimesema mikono isiingie. Abiria anawe kwa sabuni anapopanda. Wewe unawe, ushike kijiko, umwekee kila mtu kiganjani."

"Kijiko!" Bibi Anatolia alidakia. "Mgeni apimiwe kama mtoto anayepewa dawa ya kikohozi? Atasema watu wa Kashozi tumekuwa wachoyo."

Ildefons alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana. Bibi Anatolia alimwangalia, na hasira yake ikapungua.

"Wewe ndiye waliyetaka kukufukuza?" aliuliza.

"Ndimi, mama."

"Kwa ajili ya kikapu changu?"

"Ndiyo."

Bibi Anatolia alikaa kwenye benchi la sebule ya meli. Midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtu anayesali. Kisha alisema, "Mama yangu alipokuwa akisafiri, hakubeba kikapu. Alifunga punje chache chache katika majani makavu ya mgomba, akafunga kwa uzi wa mgomba. Ukimkuta mtu njiani, unampa kifungo chake kizima. Hakuna anayeingiza mkono popote. Na hakuna anayemwona mwenzake amepewa ngapi."

Renatha aliinama karibu naye. "Anayefunga amenawa kwa sabuni?"

"Atanawa."

"Na majani ni safi?"

"Yatachaguliwa, yatapanguswa, yataanikwa juu ya kamba. Chini hayatagusa."

"Karatasi safi ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Lakini fanyeni hivyo, nami nitakuja kuona mnavyofunga. Anayeharisha nyumbani kwenu asifunge mpaka apone na zipite siku mbili. Hata kama ni wewe, mama."

"Hata mimi?"

"Hata askofu."

Siku hiyo Renatha alimwambia nahodha wazi kwamba kosa halikuwa la jiko. Nahodha alimpigia simu mwenye meli mbele ya wote. Funguo zilibaki kwa Ildefons. Lakini Ildefons alimsalimia Celina kwa kifupi, akarudi kwenye sufuria zake.

Wafanyakazi walisafisha meli yote kwa dawa. Walisugua vyoo, vitasa vya milango na vyuma vya ngazi. Juu, pale ngazi ya kupandia inapoishia, fundi wa injini alifunga tanki lenye mabomba na akaweka sabuni. Renatha alirudi, akakagua tena, akaruhusu meli iondoke.

Jumamosi iliyofuata bibi Anatolia alikuja mwenyewe na vifungo vyake. Vilikuwa vidogo, vya rangi ya udongo, vimepangwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Alisimama kando ya Celina penye mabomba.

Wa kwanza kupanda alikuwa mzee Mushumbusi, mkulima mkubwa wa Muleba. Alipita mabomba bila kuyatazama, akanyoosha mkono kwenye ndoo.

Bibi Anatolia akafunga kifuniko.

"Nawa kwanza, waitu."

"Mimi? Mikono yangu ni safi."

"Hata askofu ananawa hapa."

Mzee Mushumbusi alinung'unika, akanawa. Alipewa kifungo chake. Alikifungua, akanusa, uso ukabadilika. "Bibi yangu alikuwa ananiletea hivi," alisema. Hakunung'unika tena.

Celina aliuliza kila abiria kama anaumwa tumbo. Dada mmoja alikiri kwamba anaharisha. Muuguzi alimpa pakiti za chumvi na sukari na akamshauri asisafiri. Nahodha alimwahidi nafasi katika safari nyingine. Hakuna aliyemcheka.

Jumatatu meli ilirudi. Renatha alikuwa anasubiri. Abiria walishuka kwa miguu yao wote, wengine wakiimba. Nahodha alimwambia kwamba safari hii hakuna aliyeharisha.

Bibi Anatolia naye alikuwepo, amekuja kumchukua mkwe wake. Kwenye ndoo kilikuwa kimebaki kifungo kimoja. Alikuwa anataka kukifungua atafune mwenyewe, Ildefons akatoka jikoni na kofia yake kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mabomba. Alipaka sabuni, akasugua vidole, kucha na nyuma ya mikono, akasuuza. Hakujifuta kwenye nguo. Aliikung'uta mikono mpaka ikakauka.

Kisha akamnyooshea bibi Anatolia kiganja.

"Kahawa ya jirani sijaionja siku nyingi, mama," alisema.

Bibi Anatolia alimwekea kifungo mkononi. Ildefons alikifungua, akagawa punje: moja kwake, moja kwa Celina na moja kwa bibi, ambao walikuwa wameshanawa. Walitafuna wamesimama palepale, na mazungumzo yakaanza.