Upepo wa Mbele

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, fundi cherehani alifanya mambo yale yale. Alijaza upepo matairi ya baiskeli, akafunga kitambaa cha njano kichwani, akavaa kofia ngumu juu yake, kisha akakatiza soko la mboga kuitafuta barabara kuu. Jumamosi ile hakuifikia. Mlango wa gari la mikate ulifunguka mbele yake, na kufumba na kufumbua alikuwa chini, amekalia mikate.

“Pole, dada. Sikukuona.”

“Hukuangalia. Kuona kunakuja baadaye.”

Dereva, kijana mrefu mwenye shati lililojaa unga, alimwinulia baiskeli. Macho yake yakatua kwenye suruali nyeusi iliyotiwa sponji kwenye kikalio.

“Hiyo umenunua wapi?”

“Nimeshona. Ukikaa juu ya kiti hiki asubuhi nzima, hata wewe utajifunza kushona.”

“Asubuhi nzima unakwenda wapi?”

“Leo kilomita sitini. Kila wiki naongeza kidogo, mpaka nifike daraja la chuma na kurudi. Mia na sitini.”

“Nani anakufukuza?”

“Hakuna. Ndiyo maana siendi mbio.”

Jumamosi iliyofuata fundi alimkuta kijana pale pale, amevaa kaptura ya bluu, kando ya baiskeli kuukuu iliyopakwa rangi upya. Wakaenda pamoja. Upepo ulipokaza nje ya mji, kijana akapita mbele. Fundi akagundua kwamba akilikaribia gurudumu lake la nyuma, upepo unapotea na miguu inakuwa myepesi. Tangu siku hiyo wakawa hivyo: yeye mbele, fundi nyuma, harufu ya mikate ikimjia puani.

Nyumbani walimsema.

“Miguu yako itakuwa kama ya beki,” shangazi alilalamika. “Nani ataoa beki?”

“Asiyeogopa kukabwa, shangazi.”

Mama hakusema kitu, ila kila Jumamosi alikaa dirishani mpaka binti arudi.

Wakaongeza: sabini, themanini na tano, mia moja. Jioni simu haikupoa.

“Mikate, umelala?” fundi aliuliza.

“Nimelala, ila miguu bado inaendesha.”

“Na magoti?”

“Yananisengenya. Fundi wangu, Jumamosi ijayo tupumzike?”

“Magoti yapumzishe.”

“Na moyo?”

“Huo haupumzishwi, mpenzi. Huo unazoezwa.”

Siku moja kabla ya safari ya daraja, fundi alikuwa akipiga pasi kola za sare aliposikia mama akiimba jikoni.

“Leo una furaha, mama.”

“Kijana wako kanituliza alipoleta mikate. Nilimwuliza kama huko mbali hutaumia. Akasema, ‘Usihofu, mama. Upepo namkatia mimi. Bila mimi hafiki.’”

Pasi ilibaki juu ya kola mpaka ikanuka. Alijiona kama fundi anayesifiwa kwa gauni, kisha anaambiwa limeshonwa na mwingine. Akapiga simu.

“Ulimwambia mama bila wewe sifiki?”

“Nilitaka alale usingizi.”

“Basi kesho na wewe lala.”

Akakata.

Asubuhi alilikwepa soko kwa barabara ya juu, peke yake. Mji ulipoisha upepo ulimpokea kifuani kama mkono unaomsukuma mlangoni: rudi. Mahali walipozoea kupita wakicheka, leo alipita akitambaa. Kwenye ghala la saruji palikuwa na njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Aliitazama. Akalia kidogo, pedali zikizunguka, kisha akashusha gia, akainamisha kichwa na kuuambia upepo kwa sauti, “Nisukume utakavyo. Nyumbani sirudi.”

Alipofika darajani mapaja yalikuwa yakimtetemeka. Alikaa chini, akagusa chuma kwa kiganja, akacheka peke yake. Alikuwa akimenya kiazi alichochemsha jana alipoona kaptura ya bluu ikijikokota kwa mbali. Mikate alishuka, au tuseme alianguka kwa heshima.

“Umenifuata kunilinda?”

“Nilikusudia hivyo. Tangu kwenye ghala la saruji naona mgongo wako tu. Kila nikikaribia, unazidi.” Akahema. “Nipe kiazi.”

“Mpigie mama kwanza.”

“Nimwambie nini?”

“Ulichotaka kumwambia jana. Kama kilikuwepo kingine.” Alimtazama jasho lilivyomchorea mistari shingoni, sauti ikalainika bila yeye kupenda. “Na kurudi, mbele nakaa mimi. Ukichoka sema. Sitamwambia mtu.”

Mikate alitoa simu, akaweka sauti ya juu ili fundi asikie.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmefika?”

“Yeye kafika. Mimi kanisubiri. Mama, niliposema bila mimi hafiki, nilikuwa naogopa. Kila wiki alikwenda mbali zaidi, nikadhani iko siku hatanihitaji. Sikusema nilichokuwa nacho moyoni.”

“Kipi hicho?”

Akamgeukia fundi, si simu.

“Nampenda, mama. Na bila yeye, mimi ndiye sifiki.”