Mkate Juu ya Kifua cha Job Gwilliam

Siku aliyozikwa Job Gwilliam ilikuwa siku nzuri ya kukausha nguo. Nilikuwa naanika mashuka ya mama kwenye ua wa miiba, mdogo wangu Tamar akapita na mumewe, akaniambia, "Dada Keziah, ziache hizo, twende tukamzike yule mnyama." Mumewe akamkanya kwa upole. Akasema hakuna mtu mnyama, wala hakuna mnyama asiye na Mungu ndani yake. Ndivyo alivyokuwa shemeji yangu. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anakujibu habari za milele.

Aliitwa Ambrose Lyde. Alikuwa mshairi na mhubiri, alikuja kwetu bondeni Crowhope kutoka mji wa Bristol kutafuta utulivu wa kuandika, akampata Tamar. Nilimpenda, sisemi uongo. Mwanamume aliyeokota konokono njiani wasikanyagwe, asiyegusa nyama, aliyelia siku tuliyochinja nguruwe mpaka mama akamfukuza uani. Hata sauti hakuwahi kumpandishia mdogo wangu. Na Tamar naye akaacha nyama kwa ajili yake, akawa anakula viazi na jibini huku amenenepa kwa furaha.

Kasisi alimfungia kanisa, kwa hiyo Jumapili alihubiri kwenye ghala la shayiri. Mahubiri yalikuwa yale yale. Uhai ni mmoja tu, unapita katika jiwe, katika mwanakondoo, katika mimi na wewe. Kati ya nafsi na nafsi hakuna ukuta. Na dhambi si mzigo wa kutwishwa mwingine. Hata Yesu, alisema, hakufa ili abebe dhambi za mtu. Aliuawa kwa sababu alikuwa mwema kati ya wabaya. Hapo wazee walikuwa wanachukua kofia zao na kutoka. Tamar alibaki mbele, anameza kila neno.

Sasa huyo Job. Alikuwa mswaga ng'ombe, akiwatoa Wales na kuwapeleka masokoni, na mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Kila mswaga ana fundo lake la kufungia ng'ombe, na fundo la Job hakuna mwingine aliyejua kulifunga wala kulifungua. Ukilikuta, unakata kamba. Mke wake wa kwanza aliokotwa chini ya ngazi, shingo imegeuka nyuma. Wa pili, Nan, alikuwa amebaki na meno ya kuhesabu. Bonde zima lilijua, na bonde zima lilinyamaza kwa woga.

Mtu wa namna hiyo kwetu hazikwi hivi hivi. Kwanza analetwa mla dhambi. Maiti anawekewa mkate na chumvi kifuani, na bakuli la pombe pembeni. Mla dhambi anakula, anakunywa, na uovu wa marehemu unahamia kwake, ili marehemu alale asirudi kutembea vichochoroni. Wetu alikuwa mzee Eli Pugh, aliyeishi peke yake kando ya mto. Hakuna aliyempa mkono. Akimaliza kula anafukuzwa nje kwa kupigwa magongo, ndiyo desturi.

Eli aliingia nyumbani kwa Job, kofia mkononi, na watu wote wakageuza nyuso ukutani. Ambrose akashindwa kuvumilia.

"Mnamfanya binadamu jalala," alisema. Akapita katikati ya waombolezaji, akauchukua mkate kifuani kwa Job. "Tazameni, ndugu zangu. Ni ngano tu hii. Hakuna alichoniachia marehemu."

Eli alimsogelea, akanong'ona. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Rudisha, mwanangu. Mimi kabla sijala namwambia maiti: ingia kama mgeni, mwenye nyumba ni mimi. Nina ukuta, nina na mlango. Wewe umetuhubiria kwamba huna."

"Sina, mzee," Ambrose akamjibu, anatabasamu. "Wala wewe huna."

Akala mpaka makombo. Tamar alikuwa anamtazama kama anayetazama jua likichomoza. Kisha Ambrose akainua bakuli la pombe, na aliliinua kwa mkono wa kushoto. Hilo niliona, nikalipuuza.

Kesho yake aliamka akaomba nyama ya nguruwe. Tamar alidhani ni utani, akacheka. Hakuwa anatania. Aliila akiwa amesimama, mafuta yanamchuruzika kidevuni, na mbwa wao akaingia uvunguni akakataa kutoka.

Baada ya siku kadhaa tulimkuta mbwa ananing'inia kwenye lango. Tamar alihangaika na kamba mpaka kucha zikatoka damu. Nikamwondoa, nikalitazama lile fundo. Nikaenda kuchukua kisu.

Kisha Ambrose akaenda kwa Nan. Alisimama mlangoni akasema, "Nan, supu yangu iko wapi?" Nan alikuwa ameshika mtungi, akaudondosha, akaruka dirishani, akakimbilia kwa kaka yake ng'ambo ya kilima. Hakurudi hata kuchukua viatu.

Ijumaa ile Tamar alikuja kwangu jicho moja limefumba.

"Nitamuua," nilisema.

"Si yeye, dada." Alinishika mkono. "Mkono unanipiga, lakini macho yake yanalia. Yumo humo. Ananiona. Namtaka arudi, dada, sitaki kingine."

Tulikwenda mpaka mtoni. Mzee Eli alisimama mbali nasi, kama alivyozoea kusimama mbali na watu.

"Siwezi kumtoa akiwa hai," alisema. "Mimi nakula dhambi za maiti tu."

"Kwa hiyo afe?" Tamar akauliza.

Eli akainama, akaanza kuokota kuni.

Nilimsihi Tamar alale kwangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Alisema akiondoka, Ambrose atabaki peke yake na Job, na nani atamshikia mkono? Akarudi kwake.

Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa nawapelekea maziwa. Mlango ulikuwa wazi.

Tamar alikuwa chali sakafuni. Ambrose alikuwa juu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa kooni mwake, na mdomo wa Ambrose ulikuwa unanong'ona, "Kimbia, mpenzi. Kimbia." Angekimbiaje? Uso wake ulikuwa umeshakuwa wa bluu. Nilichukua sufuria ya chuma nikampiga mgongoni. Nikampiga tena. Kitu kikavunjika ndani yake, nilikisikia. Hakugeuka.

Mkono wake wa kulia ukatambaa sakafuni. Ukafika kwenye shoka la kuni. Nikajua anammaliza.

Akaliinua. Akajikata mwenyewe, kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulikataa. Akajikata tena. Akajikata tena, meno ameyakaza, damu inaturukia sote usoni.

Mkono ulikatika. Kooni haukutoka.

Nilivibandua vile vidole kimoja kimoja. Cha mwisho nilikivunja. Nikautupa jikoni, kwenye moto, na ukawa unakunjuka na kujikunja humo mpaka ukawa mweusi.

Ambrose alikuwa ameegemea ukuta, mweupe kama unga. Uso ulikuwa wake. Tamar alijiburuta mpaka kwake, akakilaza kichwa chake mapajani.

"Nilikosea," Ambrose alimwambia. "Upo ukuta, Tamar. Uwekee mlango. Ufunge."

"Hukukosea." Alikuwa analia, sauti haitoki. "Kati yangu na wewe hakuna ukuta. Haukuwepo na hautakuwepo."

Ambrose alitaka kumziba mdomo. Aliinua mkono ambao haukuwepo tena. Kile kigutu kikamgusa midomoni, na katikati ya kumpaka damu Ambrose akakata roho.

Mzee Eli aliitwa, akaja kula. Alisema maneno yake, akamega mkate, akatafuna, akaacha.

"Job hayumo," alisema. "Humu yumo mtu mwema tu."

Akamtazama Tamar, ambaye midomo yake bado ilikuwa na ile damu. Akaweka mkate chini. Safari hii hakuna aliyenyanyua gongo; alitoka mwenyewe, anakimbia, mzee wa umri ule.

Nilimchukua Tamar nikakaa naye. Alikuwa yule yule, mpole, hali nyama, anaongea na konokono. Ila kila jioni kabla ya kulala alinijia na kamba, akaninyooshea mkono wa kushoto. Nilimfunga kwenye nguzo ya kitanda, fundo la kawaida la kufungia mbuzi. "Kaza, dada," alikuwa ananiambia. "Kaza zaidi." Nilikuwa naona uchungu, lakini nakaza. Asubuhi namfungua, tunakunywa uji, tunaendelea na kazi.

Asubuhi moja niliamshwa na harufu. Nyama ya nguruwe. Tamar alikuwa jikoni anapiga mluzi, ule mluzi wa kuswagia ng'ombe. Nikataka kuinuka. Mkono wangu wa kushoto haukuja. Ulikuwa umefungwa kwenye nguzo, na fundo hilo nililijua.

"Tamar," niliita.

Mluzi ukakoma. Akaja mlangoni na kisu kwenye mkono wa kushoto. Macho yake yalikuwa yanabubujika machozi.

Alikuja polepole mpaka kitandani. Kisu kilipanda. Akakidaka kwa mkono wa kulia, kwenye makali, na ikashindana pale juu ya kichwa changu, mikono miwili ya mdogo wangu, damu inanidondokea. Kikashuka. Kikakata kamba.

"Kimbia, dada," alininong'oneza.

Mungu anisamehe, nilikimbia. Niliporudi na majirani nyama ilikuwa imeungua na Tamar hayupo. Walimtafuta mpaka mtoni, mpaka njia ya ng'ombe ya Wales. Hawakuona hata unyayo.

Kipande cha kamba kilibaki kwenye nguzo ya kitanda na fundo lake. Wanaume wa hapa wamejaribu kulifungua wakashindwa, na mimi nimekataa likatwe, maana ndicho kitu cha mwisho alichokishika. Chumba kile nakifunga kwa ufunguo, nao nauvaa shingoni. Jana niliingia kufagia. Kamba ilikuwa ndefu kuliko nilivyoiacha, na mwisho wake kulikuwa na kitanzi kipya, kipana kiasi cha kupitisha mkono.